Dawa ya kuyeyusha damu: piga hesabu kabla hujaingia famasi

Mama alivunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na wiki ya tatu mguu wa kushoto ukaanza kuvimba. Ngozi iling'aa, kandambili ikawa haiingii tena. Altrasaundi ikaonyesha damu imeganda kwenye mshipa wa paja. Daktari akaandika dawa, nami nikatoka na cheti mkononi hadi famasi ya kwanza niliyoiona nje ya geti la hospitali. Nikataja jina la biashara lililokuwa kwenye cheti, nikaambiwa bei, nikalipa. Sikuuliza chochote, maana ukimwacha mzazi kitandani unakimbilia dawa tu.

Wiki mbili baadaye nilikuta famasi nyingine inauza dawa ileile, miligramu zilezile, ya kiwanda kingine kilichosajiliwa, chini ya nusu ya bei niliyolipa. Pesa iliyozidi ingetosha kipimo cha figo na nauli za kliniki. Tangu siku hiyo nimewatafutia dawa hizi mama, jirani na baba mdogo, na utaratibu ninaoufuata ni huu.

Hatua ya 1: Jua unatibiwa nini, maana si kila mtu anaruhusiwa kuchagua

Mtaani tunaziita dawa za kuyeyusha damu, wengine husema za kulainisha. Kwa kweli haziyeyushi chochote. Zinaizuia damu isigande pasipotakiwa, ili bonge lisisafiri hadi kwenye mapafu au ubongo. Ziko za aina mbili. Ya zamani ni warfarini, iliyoanza kutumika kwa binadamu mwaka 1954. Kidonge chake ndicho cha bei ndogo kuliko vyote, ila anayeitumia lazima apime damu mara kwa mara kwa kipimo kinachoitwa INR, kinachoonyesha damu inachukua muda gani kuganda. Za kisasa ni rivaroksabani, apiksabani na dabigatrani. Hizi hazihitaji INR, lakini kidonge kimoja ni ghali zaidi. Kwenye boksi utaziona zimeandikwa warfarin, rivaroxaban, apixaban na dabigatran. Humu naziandika tunavyozitamka.

Mwenye vali ya chuma kwenye moyo, yaani mlango bandia wa moyo, hana cha kuchagua: dawa yake ni warfarini. Dabigatrani ilijaribiwa kwa watu wa namna hiyo, na utafiti ukasimamishwa mwaka 2012 kwa sababu wagonjwa waliganda damu zaidi na kuvuja damu zaidi. Apiksabani nayo ilijaribiwa, nayo ikasimamishwa mwaka 2022. Kwa hiyo mtu akikushauri umhamishie mgonjwa wa vali ya chuma kwenye dawa ya kisasa eti usumbufu wa vipimo uishe, mkatalie.

Kundi la pili linatuhusu sana huku kwetu: watu ambao moyo uliharibiwa na homa ya rumatiki tangu utotoni, mlango wa moyo ukabana na mapigo yakawa hayana mpangilio. Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wa aina hii. Waliopewa rivaroksabani walipatwa na viharusi na vifo vingi kuliko waliobaki kwenye dawa za kundi la warfarini. Yaani kwa wagonjwa hawa dawa ya bei ndogo ndiyo iliyowalinda vizuri zaidi. Nimeona familia ikiuza mbuzi kununua ile ya ghali kwa kuamini kwamba ghali ndiyo bora, na roho iliniuma.

Kama tatizo ni damu iliyoganda mguuni au kwenye mapafu, au mapigo yasiyo na mpangilio bila mlango kubana wala vali ya chuma, basi mara nyingi mnaweza kuchagua. Hapo ndipo hesabu inapoanza kuwa na maana.

Hatua ya 2: Maliza maswali kwenye meza ya daktari

Punguzo kubwa kuliko yote halipatikani famasi. Linapatikana kwa daktari, kabla kalamu haijagusa karatasi. Mwambie tu waziwazi: "Daktari, dawa hii tutainunua mfukoni. Naomba utuandikie jina halisi la dawa, si la biashara." Hakuna aibu hapo. Daktari asiyejua hali ya mfuko wako ataandika jina alilolizoea, na mara nyingi ni lile la kampuni iliyoitoa kwanza.

Kisha uliza: nitatumia kwa muda gani? Damu iliyoganda baada ya upasuaji au kuvunjika kwa kawaida hutibiwa kwa miezi mitatu, halafu daktari anaangalia upya. Mapigo yasiyo na mpangilio kwa kawaida ni dawa ya maisha. Mtu wa miezi mitatu na mtu wa maisha hawapigi hesabu moja, kama utakavyoona hapa chini.

Uliza pia kama kuna kipimo cha figo kinachohitajika, maana dozi za dawa za kisasa hutegemea figo zinavyofanya kazi. Mwanamke ambaye bado anaweza kubeba mimba aseme mapema. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya mwanzo, na kwa mjamzito madaktari hutumia sindano za heparini, ambazo nazo huzuia damu kuganda.

Hakikisha cheti kina jina halisi, miligramu, mara ngapi kwa siku na kwa siku ngapi. Kipige picha kabla hujatoka mlangoni. Picha hiyo utaitumia sana.

Hatua ya 3: Linganisha mwezi, usilinganishe boksi

Hapa ndipo wengi tunapoliwa. Boksi moja lina vidonge 10, jingine 14, jingine 28, jingine 30. Boksi la 14 kwa shilingi 28,000 linaonekana rahisi kuliko la 30 kwa shilingi 45,000. Gawanya: la kwanza kidonge ni 2,000, la pili ni 1,500.

Halafu hesabu vidonge vya mwezi kwa dozi yako mwenyewe. Rivaroksabani kwa damu iliyoganda kwa kawaida huanza na miligramu 15 mara mbili kwa siku kwa siku 21, kisha miligramu 20 mara moja. Mwezi wa kwanza wa siku 30 ni vidonge 42 vya 15 na vidonge 9 vya 20. Ukinunua boksi zima la 30 za miligramu 20 siku ya kwanza, pesa imelala kabatini wiki tatu. Apiksabani kwa tatizo hilohilo huanza na miligramu 10 mara mbili kwa siku 7, kisha 5 mara mbili. Kwa vidonge vya 5, mwezi wa kwanza ni 74, inayofuata ni 60. Kumbuka apiksabani ni mara mbili kila siku. Watu hulinganisha kidonge chake na kile cha rivaroksabani, wakaona ni rahisi, wakasahau kuzidisha kwa mbili.

Warfarini ina hesabu yake. Bei yake ni kidonge, pamoja na INR, pamoja na nauli. Mwanzoni unapima mara nyingi hadi damu itulie kwenye kiwango (kwa wengi ni kati ya 2 na 3, kwa vali ya chuma mara nyingi juu zaidi), kisha vipimo vinapungua.

Tuchukue mfano. Hizi si bei za duka lolote, ni za kufundishia hesabu. Wewe weka zako. Tuseme rivaroksabani ni 1,500 kwa kidonge, warfarini 200, INR moja 20,000, na nauli kwenda na kurudi 4,000.

Rivaroksabani, mwezi wa kwanza: vidonge 51, yaani 76,500. Mwezi wa pili na wa tatu, 45,000 kila mmoja. Jumla ya miezi mitatu ni 166,500.

Warfarini, mwezi wa kwanza ukipima mara nne: dawa 6,000, vipimo 80,000, nauli 16,000, jumla 102,000. Mwezi wa pili ukipima mara mbili: 54,000. Wa tatu ukipima mara moja: 30,000. Jumla ya miezi mitatu ni 186,000. Na bado hujaweka sindano za heparini, kwa sababu warfarini huchukua siku kadhaa kushika na kwa damu iliyoganda huanzishwa pamoja na sindano hizo kwa siku zisizopungua tano.

Umeona? Kwa mama, ambaye alihitaji miezi mitatu, dawa "ya ghali" ndiyo iliyokuwa nafuu. Sasa endeleza hadi mwaka mzima: warfarini inafika 456,000, rivaroksabani 571,500. Kwa mtu wa maisha mambo yamegeuka. Na kama unaishi mbali na maabara, nauli ikawa 30,000 badala ya 4,000, yanageuka tena. Ndiyo maana siwezi kukwambia dawa ipi ni rahisi bila kujua unakaa wapi na unatibiwa kwa muda gani.

Hatua ya 4: Piga simu kabla ya kupanda daladala

Mimi huuliza famasi zisizopungua nne: ya ndani ya hospitali ya umma, moja ya nje ya geti, moja ya mtaani ninakokaa, na moja ya jumla. Kwa Dar es Salaam famasi nyingi za jumla ziko Kariakoo, na baadhi humuuzia hata mtu wa kawaida akichukua boksi zima na kuonyesha cheti. Duka la dawa muhimu usilitegemee kwa dawa hizi. Leseni yake ni ya orodha fupi ya dawa.

Maneno yangu kwenye simu ni haya:

"Habari ya kazi, dada. Naulizia rivaroksabani ya miligramu 20. Mnazo za viwanda vingapi?"

"Zipo mbili, kaka. Unataka ya Ulaya au ya India?"

"Nitajie zote. Kila moja kidonge shilingi ngapi, na boksi lina vidonge vingapi? Na zinaisha muda lini?"

Ukiuliza kwa kidonge, unawatoa kwenye bei ya boksi, na mwenye kuuza anajua anaongea na mtu anayelinganisha. Wengine watakwambia tuma picha ya cheti kwa WhatsApp. Tuma. Andika majibu yote kwenye daftari moja: famasi, kiwanda, bei ya kidonge, tarehe ya kuisha. Ukishapata ya chini, rudi kwa famasi iliyo karibu na nyumbani useme: "Nitakuwa nachukua kwako kila mwezi, mwenzako ananipa kwa bei hii." Mara nyingi wanashuka, na hata wasipofika chini kabisa, tofauti ikiwa ndogo kuliko nauli ya Kariakoo, nunua hapo hapo.

Hatua ya 5: Bei ikishuka sana, angalia boksi kwa makini zaidi

Dawa ya jeneriki, yaani ileile lakini si ya kampuni iliyoitoa kwanza, ikiwa imesajiliwa ni dawa kamili. Isikutie hofu kwa sababu imetoka India au Bangladesh. Kinachotakiwa kukutia hofu ni dawa isiyo na asili. Tanzania, msajili ni TMDA, na orodha ya dawa zilizosajiliwa wameiweka mtandaoni. Tafuta jina na kiwanda kabla ya kulipa. Kenya kazi hiyo ni ya Bodi ya Famasi na Sumu.

Sasa jambo dogo ambalo nililiona kwa macho yangu. Muuzaji alichukua mkasi akakata vidonge vinne kutoka kwenye karatasi ya vidonge kumi. Tarehe ya kuisha na namba ya toleo vimegongwa kwenye ncha moja tu ya ile karatasi, na kipande nilichopewa kilikuwa cha ncha ya pili. Fedha yote nimetoa, na mkononi nina vidonge vinne visivyo na umri. Ukinunua kwa kipande, omba boksi uone tarehe, piga picha, kisha ndipo akate. Dabigatrani usikubali imwagwe kwenye bahasha ya karatasi hata kidogo. Unyevu unaiharibu, inakaa kwenye chupa au karatasi yake ya kiwandani hadi dakika ya kuimeza, na kapsuli yake haifunguliwi.

Kwa warfarini, ukishapata kiwanda kimoja na INR ikatulia, baki nacho. Ukilazimika kubadili, mwambie daktari na upime INR mapema. Kuhama kiwanda kila mwezi kufuata shilingi hamsini kunaweza kukugharimu vipimo viwili vya ziada.

Hatua ya 6: Bima na ustawi wa jamii

Mwenye kadi ya bima aulize hospitalini, kabla ya kununua, kama dawa hiyo hasa iko kwenye kitita chake na kwa jina gani. Inatokea bima inalipia warfarini lakini si rivaroksabani, au inalipia pale tu mtaalamu wa moyo anapoandika. Swali hilo huulizwa dirisha la bima, na ukikataliwa, rudi kwa daktari na jibu hilo.

Asiye na bima wala uwezo, kwenye hospitali za umma Tanzania kuna ofisi ya ustawi wa jamii. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatajwa kwenye sera ya msamaha wa matibabu. Nenda na barua ya serikali ya mtaa na uwe na subira, maana utaulizwa mengi. Msamaha hauwezi kukupa dawa ambayo haipo stoo, kwa hiyo uliza kwanza famasi ya hospitali ina nini, kisha daktari aandike kilichopo kama kinakufaa. Mara nyingi kilichopo ni warfarini.

Hatua ya 7: Dawa kutoka kwa ndugu aliye nje

Kuna wanaotumiwa na ndugu wa Uingereza au Marekani. Nakuomba usome hapa polepole. Warfarini hupakwa rangi kulingana na miligramu, na rangi hizo hazifanani duniani. Kidonge cha pinki cha Uingereza ni miligramu 5. Kidonge cha pinki cha Marekani ni miligramu 1. Cha bluu cha Uingereza ni 3, cha bluu cha Marekani ni 4. Mama aliyezoea kumeza "ile ya pinki moja" akiletewa chupa kutoka upande mwingine anaweza kumeza mara tano ya dozi yake, au moja ya tano. Soma miligramu, usisome rangi, na hakikisha anayempa mzee dawa pale nyumbani amelielewa hili.

Isitoshe, kwa Marekani apiksabani na rivaroksabani ni ghali kuliko huku kwetu, kwa hiyo ndugu akitaka kusaidia, pesa kwenye simu itafanya kazi zaidi ya boksi kwenye begi.

Hatua ya 8: Usiipoteze dawa uliyokwisha kuilipia

Rivaroksabani ya 15 na ya 20 inamezwa pamoja na chakula. Ukiimeza tumbo tupu, sehemu yake haiingii mwilini; umelipa kidonge kizima ukapata pungufu. Mama tulimwekea iwe ya chakula cha jioni, maana asubuhi hunywa chai kavu.

Warfarini haitaki ukimbie mchicha. Inataka usibadilike. Mwenye kula mchicha, kisamvu au matembele mara tatu kwa wiki aendelee mara tatu. Kinachovuruga INR ni wiki mbili bila majani kisha wiki ya majani matupu.

Dawa nyingine nazo zinaingilia, na nyingi tunajinunulia bila kufikiri. Flagyl na Septrini zinaipandisha warfarini hadi damu inavuja. Rifampisini, ya kifua kikuu, inaishusha. Diklofenaki na aspirini zinaongeza kuvuja damu kwa mtu yeyote aliye kwenye dawa hizi, ya zamani au ya kisasa. Kila ukienda famasi hata kwa mafua, tamka kwanza: "Natumia dawa ya kuyeyusha damu." Dawa za mitishamba vilevile, mwambie daktari bila kuficha.

Na kuna njia za kubana matumizi ambazo nimeziona na zinatisha: kumeza siku moja na kuruka moja ili boksi lifike mwisho wa mwezi, au kuacha mguu ukishapungua uvimbe, au kumgawia jirani. Rivaroksabani na apiksabani zinaisha nguvu mwilini ndani ya siku moja au mbili. Ukiruka, uko wazi. Pesa ikiisha, mrudie daktari kabla vidonge havijaisha. Anaweza kukuhamishia warfarini kwa utaratibu wake, lakini huwezi kujihamisha mwenyewe, kwa sababu kuna siku ambazo dawa mbili zinapishana au zinafuatana kwa vipimo.

Kinyesi cheusi kama lami, mkojo wa rangi ya damu, kutapika damu, kichwa kuuma ghafla kupita kawaida, au kuanguka na kujigonga kichwa hata bila jeraha: hapo ni hospitali, usiku huohuo.

Bei ya juu kuliko zote niliyowahi kulipa ilikuwa Jumapili jioni, kidonge cha mwisho kimeshamezwa, famasi moja tu iko wazi. Siku hizi nimeandika kwenye daftari: vikibaki vidonge saba, napiga simu. Siku saba zinatosha kuuliza famasi nne, kusubiri mzigo ukiwa haujafika, na kutafuta nauli.